Nilichokiona kwenye Halloween ya New York ni mageti

Jana mama kanipigia kutoka Uyole, kaona picha nilizoweka status, anauliza mwanangu ndo mmeanza kuabudu mizimu huko? Nikamwambia hapana mama ni sherehe tu, watu wanavaa vinyago vya kutisha, ila hakuridhika na wala simlaumu, sisi tuliokulia Mbeya enzi zile za habari za watu kuchunwa ngozi ukikutana na mtu kavaa fuvu usiku unatoka mbio.

Lakini mimi macho yangu hayakuwa kwenye mafuvu. Lile gwaride la Halloween la barabara ya Sixth Avenue lilianza 1974, fundi wa vinyago anaitwa Ralph Lee alikuwa anazunguka nyumba kwa nyumba pale mtaa wa Greenwich Village na watoto wake na marafiki zao, saivi kila tarehe 31 Oktoba ni umati hauna mwisho, mifupa mikubwa kuliko nyumba inabebwa kwa miti, ngoma, moshi, baridi kama ya Makete mwezi wa sita. Pembeni yangu kulikuwa na baba kambeba mtoto mabegani, kavalishwa unyuki, kalala fofofo mabawa yamepinda. Kalala! Kwenye umati ule! Maana kuna vyuma vya kuzuia watu barabara nzima, kuvuka ni sehemu maalum na polisi anaruhusu kwa mafungu, mimi mwenyewe nilizungushwa mitaa mitatu ndo nikavuka, nikakasirika kweli, ila nilivyofika ng'ambo nikamkumbuka yule mtoto wa geti.

Nilikuwa form two, tumetoka kuangalia mechi, kiwanja sikitaji, mpira umeisha mageti yote yana kufuli isipokuwa moja na lenyewe limefunguliwa upande mmoja tu. Miguu yangu haikugusa chini, nilikuwa nabebwa na mabega ya watu, mbele yangu mama mmoja ana mtoto mgongoni, kitenge kimekaza shingoni, mtu akapiga kelele mtoto! mtoto! watu wakamchomoa wakampitisha juu ya vichwa, mkono kwa mkono, mpaka nje. Alipona. Na hilo la kumpitisha mtoto wa mtu usiyemjua mimi nalipenda kwetu kuliko chochote nilichokiona huku, kule New York nilisimama saa tatu nzima hakuna aliyenisalimia.

Ila jamani tusiishie kusifia mikono ya watu. Moshi 2020 watu 20 walikufa kwenye ibada wakigombania kukanyaga mafuta ya upako, uwanja wa Uhuru Dar Machi 2021 watu 45 wakienda kumuaga Magufuli, wengine walikuwa wa familia moja. Na asije mtu akasema wenzetu wana hela, Seoul kule Korea Kusini hela wanazo na 2022 kwenye Halloween hiyohiyo pale Itaewon wamekufa watu 159 kwenye kichochoro cha mteremko, njia nyembamba, watu wanaingia huku na huku, hakuna wa kuwazuia. Kwa hiyo sio hela. Ni mtu kukaa kabla na kujiuliza hawa wote watatokea wapi.

Mimi naomba kitu kimoja tu kwa wanaosimamia viwanja vyetu huko nyumbani: dakika kumi kabla ya filimbi ya mwisho mageti yote yawe wazi, pande zote mbili, na mwenye funguo awe amesimama palepale getini, asiwe jukwaani anaangalia mpira.