Waliokimbia vituo vya Ebola Beni hawakuwa wajinga

Kila ukizungumzwa mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ule wa Agosti 2018 hadi Juni 2020 ulioua watu 2,287, utasikia kwamba wananchi walificha wagonjwa kwa ujinga na uvumi. Nakubali nusu yake. Uvumi ulikuwepo, na chuki pia. Vituo vya matibabu ya Ebola vya Katwa na Butembo, mkoani humo, vilichomwa Februari 2019, na Aprili daktari Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani (WHO) akauawa kwa risasi hospitalini Butembo. Mhudumu anayekimbizana na virusi huku akikwepa risasi atapata wapi muda wa kukaa vikao na wazee?

Lakini simama mahali pa mama wa Beni, mji mwingine wa mkoa huo. Miaka nenda rudi waasi wamechinja jirani zake na hakuja mtu. Imeingia Ebola, magari yamejaa mji. Desemba 2018 anaambiwa hapigi kura ya rais, kisa Ebola. Na ujumbe aliousikia miaka yote ni kwamba ugonjwa huu hauna dawa. Kama hauna dawa, mtoto ampeleke kwenye hema la matibabu akafie mikononi mwa watu waliojifunika mavazi ya kinga, asioona hata sura zao?

Kisha dawa ikapatikana, tena hukohuko Kongo. Jaribio la PALM, yaani Pamoja Tulinde Maisha, ambalo Profesa Muyembe, mtaalamu wa virusi wa Kongo, alikuwa miongoni mwa viongozi wake, lililinganisha dawa nne kwa wagonjwa 681. Agosti 2019 likasimamishwa mapema kwa kuwa mbili zilikwisha kuonyesha ubora. Mojawapo, mAb114, asili yake ni damu ya mtu aliyepona Ebola ya mji wa Kikwit, Kongo, ya 1995.

Takwimu isiyoniacha ni hii: kwa dawa hizo mbili, waliofika virusi vikiwa bado vichache mwilini alikufa kama mmoja kati ya kumi. Waliofika virusi vimeshawajaa, zaidi ya sita kati ya kumi. Dawa ileile, kitanda kilekile. Tofauti kubwa ilianzia nyumbani, siku mgonjwa alipokubali kutoka, na siku hiyo haiamuliwi na daktari. Inaamuliwa na mama yule, kwa kadiri anavyowaamini wanaomwita.

Ndiyo maana navithamini vile vyumba vya plastiki angavu vilivyowekwa Beni, ambavyo muuguzi huingiza mikono kwenye glavu zilizoshikizwa ukutani akiwa nje. Mama husimama hapo kando, akamwona mwanawe akinyweshwa maji, wakaongea.