Cheti cha Daktari Kupitia Simu: Tunabishana Kuhusu Kitu Kisicho Chenyewe

Mtu aliyeamka usiku akitapika na kuharisha hahitaji mambo mengi. Anahitaji maji, chumvi za kuongezea maji mwilini, kitanda, na choo kilicho karibu. Mwajiri wake anataka karatasi. Basi mgonjwa anajikokota hadi kituo cha afya, anakaa kwenye foleni katikati ya wazee na watoto wachanga, anaulizwa maswali manne, anaandikiwa siku mbili za mapumziko na kurudishwa kitandani alikotoka. Kwa maradhi ya kuharisha yanayoletwa na virusi kama norovirus, ushauri wa kawaida wa wataalamu ni mgonjwa kukaa mbali na wenzake hadi zipite saa 48 tangu alipotapika au kuharisha kwa mara ya mwisho. Kwa maana hiyo safari ya kufuata cheti inavunja agizo lile lile ambalo cheti kinapaswa kulilinda.

Hapo ndipo huduma za vyeti mtandaoni zilipopata wateja. Unafungua programu kwenye simu, unajieleza, unaongea na daktari kwa sauti au kwa video, na ED yako, yaani cheti cha kupumzika kazini kwa ugonjwa, inaingia kwenye barua pepe kabla bosi hajafika ofisini. Janga la korona liliharakisha mambo. Ujerumani iliwaruhusu madaktari kuandika vyeti baada ya mazungumzo ya simu tu, ikausitisha utaratibu huo mwaka 2023 na kuurudisha Desemba mwaka huo huo, safari hii bila kikomo cha muda. Masharti yake yanaeleweka: mgonjwa awe anafahamika kwenye kliniki hiyo, dalili zisiwe nzito, na cheti cha kwanza kisizidi siku 5.

Waajiri wengi bado wanakitazama cheti cha namna hii kwa jicho la shaka. Wanasema daktari hakumgusa mgonjwa, kwa hiyo hajui lolote. Hoja hii ina nguvu mahali fulani na haina nguvu kabisa mahali pengine, na tukizichanganya sehemu hizo mbili hatutafika popote.

Chukua kipandauso. Shambulio moja la kipandauso huweza kudumu kuanzia saa 4 hadi saa 72. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa itakayoonyesha kwamba asubuhi ya leo mtu huyu hawezi kuvumilia mwanga wa dirishani. Daktari wa kliniki anategemea maelezo ya mgonjwa na historia yake, na daktari wa simu anategemea vitu hivyo hivyo. Maumivu makali ya hedhi ni hivyo hivyo, na sehemu kubwa ya maumivu ya mgongo, na mtu aliyeelemewa na sonona kiasi kwamba kuoga tu ni kazi. Kwa maradhi haya, anayesema cheti cha kliniki kina ushahidi zaidi anaipa meza ya daktari uwezo ambao haina. Mwongo anaweza kudanganya akiwa ameketi mita moja kutoka kwa daktari. Wakati huo huo, mtu mwenye ulemavu, au mama aliyeachwa nyumbani na mtoto mchanga, au anayeishi mbali na kituo cha afya, analipia foleni hiyo kwa gharama ambayo mwenye gari na msaidizi haioni.

Upande wa pili nao una hoja, na naona hauielezi vizuri. Wanaopinga hupenda kuzungumzia ulaghai, ilhali hoja yao bora ni ya kitabibu. Homa ni mfano mzuri. Kwenye video, malaria, mafua makali na mwanzo wa nimonia vinaweza kufanana: mtu amejifunika blanketi, macho mekundu, sauti imechoka. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa, na hakuna simu inayotoa damu kidoleni. Maumivu ya tumbo yaliyohamia chini upande wa kulia yanahitaji mkono wa daktari ubonyeze hapo ili kidole tumbo kitambuliwe kabla hakijapasuka. Kifua kinahitaji kusikilizwa. Kuna pia wagonjwa ambao wasingeenda hospitali kwa hiari yao. Kilichowapeleka ni hitaji la cheti, na huko ndiko shinikizo lao la damu lilikogunduliwa. Ukiwaondolea safari hiyo, umewaondolea na bahati hiyo. Sidhani kama ni haki kuwalazimisha maelfu ya wenye mafua kupanga foleni ili wachache wagunduliwe kwa kubahatisha, lakini hasara hiyo ipo na watetezi wa mtandao hawaizungumzii.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni aina fulani ya tovuti, na inafaa kuitazama kwa karibu. Ukurasa wa kwanza unakuuliza unataka siku ngapi kabla ya kukuuliza unaumwa nini. Unachagua tarehe ya kuanza, na unaweza kuchagua ya juzi. Kisha inakuja orodha ya maradhi yenye visanduku: mafua, tumbo, mgongo, msongo. Unaweka alama. Unalipa. Katika hatua zote hizo hakuna mtu aliyekuuliza kama una homa, kama ulishawahi kuumwa hivi, kama una mimba, kama unatumia dawa yoyote. Mahali pa saini pana jina la daktari ambaye hujamsikia hata sauti.

Mahakama ya Kazi ya Berlin ilikutana na cheti cha namna hiyo, na Aprili 2021 ikaamua kwamba karatasi iliyotolewa mtandaoni bila mgonjwa kuonana wala kuzungumza na daktari haitoshi kuthibitisha kuwa mfanyakazi alikuwa mgonjwa. Mfanyakazi alikosa malipo aliyokuwa akiyadai. Huko Singapore, mwaka 2024, Wizara ya Afya iliifutia leseni kliniki moja baada ya kubainika kwamba mashauriano yake mengi ya video yalidumu dakika moja au pungufu. Dakika moja haitoshi hata kumwuliza mtu ana mzio wa dawa gani.

Kanuni ya kuyapima haya ni ya zamani kuliko intaneti. Mwaka 1949 Chama cha Madaktari Duniani kilipitisha kanuni zake za maadili, na moja inamtaka daktari athibitishe kile tu alichokihakiki yeye mwenyewe. Kanuni hizo zilipofanyiwa marekebisho mwaka 2022, sharti hilo lilibaki, na ndani yake mna kifungu kinachokubali tiba ya mbali, ilimradi njia hiyo ifae kitabibu kwa mgonjwa husika na apate huduma anayoihitaji. Yaani wenye taaluma wenyewe hawakukataa simu. Wanachokataa ni saini ya daktari ambaye hakuhakiki chochote, na saini ya hivyo inaweza kutolewa hata kwenye chumba chenye kitanda cha kupimia na koti jeupe. Wote tunajua kuna vituo ambako cheti huandikwa dirishani.

Kwa hiyo swali ninaloliona la maana ni moja: je, daktari huyu ana uhuru wa kukunyima cheti? Jibu lake liko kwenye malipo. Huduma nyingi hujitangaza kwa kuahidi kwamba usipopewa cheti utarudishiwa pesa yako yote, na wateja huiona ahadi hiyo kama dalili ya uaminifu. Mimi naiona kinyume. Kama pesa inapatikana pale tu cheti kinapotoka, kila “hapana” ya daktari ni hasara kwa mwenye huduma, na baada ya muda “hapana” zitatoweka. Afadhali ulipie mashauriano, cheti kitoke au kisitoke, kama ulivyozoea kliniki. Hiyo inaonekana ni mbaya kwa mfuko wa mgonjwa, lakini ndiyo inayoifanya karatasi yake iwe na uzito siku itakapohojiwa.

Dalili nyingine za kuangalia ni rahisi. Jina la daktari na namba yake ya usajili viwepo, na viweze kutafutwa kwenye orodha ya baraza la madaktari la nchi husika. Cheti kiseme mashauriano yalifanyika lini na kwa njia gani. Kisirudishe tarehe nyuma kwa matakwa ya mteja. Msimbo wa QR unaochapwa chini ya vyeti hivi unathibitisha tu kwamba karatasi haikughushiwa. Haukuambii kama mtu alisikilizwa. Na hakuna sababu ya jina la ugonjwa kumfikia meneja. Anachohitaji kujua ni siku ngapi hutakuwepo na kama ukirudi kuna kazi usizoweza kuzifanya.

Waajiri nao wasibezwe. Mwenye ofisi ya watu wanne, mmoja wao anapokosekana kila Jumatatu, ana tatizo la kweli. Lakini kulazimisha cheti cha kliniki kwa mafua ya siku mbili hakulitatui; kunawaadhibu wanaoumwa kweli na kumfundisha mtoro aende kliniki yenye dirisha. Uingereza mfanyakazi hujithibitishia mwenyewe hadi siku 7 mfululizo, wikendi ikihesabiwa, kabla ya kudaiwa barua ya mtaalamu wa afya. Sweden cheti cha daktari kwa kawaida hudaiwa kuanzia siku ya 8. Kama nchi hizo zinaweza kuliamini neno la mfanyakazi kwa wiki nzima, sehemu kubwa ya vyeti vinavyonunuliwa mtandaoni haikuhitajika kabisa, na ni masharti ya ofisi yaliyolizalisha soko hilo.

Ufaransa imechagua njia ya kati ambayo naiona nzuri kuliko zote. Kuanzia 2024 likizo ya ugonjwa inayoandikwa kwa tiba ya mbali haizidi siku 3, isipokuwa kama anayeiandika ni daktari wa kawaida wa mgonjwa huyo au mkunga wake, au mgonjwa ameshindwa kabisa kupata mtu wa kumwona ana kwa ana. Siku 3 zinatosha mafua na tumbo la kawaida kuanza kupoa. Yasipopoa, hapo mwili unataka kuguswa. Na mwenye ugonjwa wa kudumu haumizwi na kikomo hicho, maana daktari anayemjua hahitaji kumwona upya kila anapolemewa.

Limebaki jambo ambalo ningependa kila huduma ya mtandaoni ilazimishwe kulitimiza. Cheti kikishaingia kwenye simu, mtu huona habari za hospitali zimekwisha. Amepewa siku mbili, atalala. Ujumbe ule ule unaobeba cheti ubebe pia, kwa maneno mepesi, dalili za kumtoa kitandani mara moja: shingo kukakamaa pamoja na homa, pumzi kubana, maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa, kutapika damu, au kushindwa kunywa hata maji. Na uwe na namba ya simu inayopokelewa usiku.