Yavuyavu na Samaki Wasitiwe Tangi Moja

Wiki hii nimerushiwa video ya mkahawa mmoja wa ufukweni huku Pwani. Ukutani kuna tangi kubwa la kioo, mawe ya matumbawe, taa za buluu, samaki aina ya vipepeo na vikande wanazunguka, na katikati yao wametiwa mayavuyavu. Aliyenirushia ameandika: "Pazuri jamani!" Mimi macho yalinasa kwenye kona ya chini. Yavuyavu mmoja alikuwa amevutwa akabanwa kwenye mdomo wa pampu, mwavuli umechanika, na bado unapwita polepole. Kikande alikuja, akamega kipande, akaenda zake. Watu nyuma wanacheka. Nimeudhika mno.

Ukiuliza kama wanaweza kukaa pamoja, wengi hukujibu kwa habari ya sumu: je, samaki atawashwa? Swali ni la haki, na wako mayavuyavu ambao minyiri yao huua samaki mdogo mara moja, kwa kuwa ndicho chakula chao. Lakini wanaopendwa kwenye matangi ni wale weupe waitwao Aurelia, ambao mwasho wao ni hafifu. Hapo anayetangulia kufa ni yavuyavu. Kikande ana meno ya kuvunja kombe na miiba ya urumba. Mnyama ambaye karibu mwili wake wote ni maji atamfanya nini?

Hata ukiwaondoa wenye meno, tangi lenyewe litamuua. Yavuyavu hana nguvu ya kushindana na mkondo: maji yakienda naye huenda. Akitupwa pembeni hubaki pale akijigonga kiooni. Akipita penye jiwe huchanika. Pampu ikivuta, hana pa kukimbilia. Povu la hewa likiingia chini ya mwavuli hukwama, na mwisho hutoboa nyama. Ndiyo maana Mjerumani Wolf Greve, mwaka 1968, alieleza tangi la duara la kufugia viumbe wanaoelea, ambamo maji huzunguka taratibu. Wenye matangi ya maonyesho, kama Monterey Bay Aquarium kule California, wakaliendeleza kwa ajili ya mayavuyavu. Halina pembe, halina mawe, na mahali maji yanapotokea pana wavu na mkondo wa kumsukuma mbali. Sasa mtie kipepeo humo. Atajificha wapi? Atadonoa nini? Samaki wa miambani anataka mapango, mawe na maji yenye nguvu. Kila unachomwekea ili aishi vizuri ndicho kinachomrarua mwenzake.

Na chakula je? Yavuyavu hulishwa vijidudu vya artemia vilivyoanguliwa punde. Samaki huvimaliza kabla havijafika kwenye minyiri.

Najua nitaletewa kolekole. Kweli, kolekole wadogo huogelea chini ya mwavuli wa yavuyavu baharini, na mvuvi yeyote amewaona. Lakini yule ana bahari nzima ya kukwepea, na akikua huondoka. Hata samaki Nomeus, anayeishi katikati ya minyiri mikali ya Physalia, kiumbe anayefanana na yavuyavu, sehemu kubwa ya usalama wake ni wepesi wa kukwepa. Kwenye kioo cha mita mbili wepesi huo utautumia wapi? Na samaki wale wa rangi ya chungwa wanaolala ndani ya anemoni, mnyama mwenye minyiri anayekaa mwambani, wana ute unaowakinga na anemoni. Yavuyavu ni ndugu ya anemoni, ila kinga ile si ruhusa ya kumgusa kila ndugu.

Nitakubali moja, kwa shingo upande: Cassiopea, yule anayelala chali kwenye matope ya mikokoni. Huyo haelei ovyo, na wataalamu wenye tangi kubwa huenda wakamweka na samaki wachache wapole. Lakini hata yeye si wa kuchezea. Mwaka 2020 watafiti walionyesha kwamba ute anaoutoa umejaa vijidonge vidogo vyenye chembe za kuchoma, vinavyojiendea majini. Unaweza kuwashwa bila kumgusa. Sisi mguu ukiwasha tunatoka majini. Samaki aliyefungiwa kwenye kioo anavuta maji hayohayo kwa mashavu mchana kutwa.

Mwenye mkahawa, kama unasoma, zima hiyo pampu leo, umtoe aliyenasa. Wanaobaki warudishe kwa aliyekuuzia kama ana tangi la duara, wala usinunue wengine. Nanyi mnaokwenda kula pale, muulizeni yavuyavu wa mwezi uliopita wako wapi.