Modeli Inapogoma Kutulia: Tembo wa Kibale na Vitalu Vitatu

Mwanafunzi mmoja alinijia hapa Fort Portal, magharibi mwa Uganda, na kompyuta yake na daftari la porini, kurasa zimejikunja kwa mvua. Alikuwa amehesabu marundo ya kinyesi cha tembo kwenye njia nyoofu ndani ya msitu wa Kibale, kila njia akiirudia mara kadhaa, ili ajue kama tembo wanapendelea sehemu zilizowahi kukatwa mbao. Ni swali zito. Tembo huvutwa na maeneo yaliyo wazi yenye vichaka, na wakivunja miche humo, msitu unachelewa kurudi. Lakini kila alipoendesha modeli yake ya takwimu, programu ya R ilimwonya kwa maandishi mekundu kwamba modeli haikutulia, yaani haikufikia jibu la kutegemewa.

"Mwalimu, nikiondoa athari nasibu onyo linatoweka. Niondoe?"

Athari nasibu ni sehemu ya modeli inayozingatia kwamba vipimo vya kundi moja, kama vile njia moja, hufanana. Swali la kuiondoa limewagawa wataalamu. Mwaka 2013 Dale Barr na wenzake, watafiti wa saikolojia ya lugha, walishauri kubakiza athari nasibu zote zinazotokana na mpango wa utafiti. Ukizipunguza, vipimo vya mahali pamoja vinahesabiwa kana kwamba havihusiani, na unaweza kutangaza tofauti isiyokuwepo. Mwaka 2015 Douglas Bates, mmoja wa waandishi wa lme4, kifurushi cha R cha kukokotoa modeli hizi, alijibu na wenzake kwamba mara nyingi data hazina nguvu ya kubeba muundo wote huo, kwa hiyo upunguzwe hadi pale zinapoweza.

Mimi sijaegemea upande wowote moja kwa moja, kwa sababu onyo lile lile huletwa na magonjwa tofauti. Tulianza na daftari. Safu ya mwinuko ilikuwa na namba kama 1,480, na pembeni yake uwiano wa kivuli, 0.35. Vipimo vikipishana kiasi hicho, kompyuta hupapasa gizani. Tukatoa wastani kwenye kila safu, tukagawanya kwa mkengeuko sanifu, na sehemu ya maonyo ikaisha hapo hapo. Kisha tukajaribu mbinu mbalimbali za kutafuta jibu. Lme4 ina amri ya allFit kwa kazi hiyo. Mbinu zote zikileta makadirio yanayokaribiana, onyo linalobaki ni la kimahesabu tu, na kukata muundo kwa ajili yake ni kosa. Hapo namuunga mkono Barr bila kusita.

Safu ya kinyesi ilikuwa na shida nyingine: sufuri, sufuri, sufuri, saba, sufuri, kumi na mbili. Modeli ya Poisson, ya kawaida kwa hesabu za vitu, hudai mtawanyiko ulingane na wastani, na hesabu za namna hii hazilingani kabisa, kwa hiyo tukahamia binomia hasi, inayoruhusu mtawanyiko uzidi wastani. Yeye alitaka pia modeli ya sufuri za ziada. Ni wazo zuri, maana sufuri moja husema tembo hakupita, na nyingine husema alipita, ila mvua na mbawakawa wakamaliza kinyesi. Lakini daftari halikuwa na rekodi yoyote ya mvua. Modeli ingezitenganishaje hizo sufuri mbili? Tukaiacha.

Kikwazo kikubwa kilikuwa vitalu, yaani vipande vya msitu vilivyogawanywa kwa ajili ya ukataji. Pale Kanyawara, ndani ya Kibale, K-30 hakikukatwa mbao, K-14 kilikatwa kidogo, na K-15 kilikatwa sana, yote hayo mwishoni mwa miaka ya 1960. Alikuwa amekiingiza kitalu kama athari nasibu. Ni vitalu vitatu! Wengi huanza kutilia shaka athari nasibu yenye makundi chini ya matano. Tena kila kiwango cha ukataji kina kitalu kimoja tu, kwa hiyo kitalu na ukataji ni kitu kimoja, na hakuna hesabu ya kuvitenganisha. Makadirio ya Bayes, yanayochanganya data na dhana za awali, yangeweza kuizima sauti ya onyo, ila kwa vitalu vitatu yangetuambia zaidi tulichodhani mwanzoni kuliko kilichoko msituni. Stuart Hurlbert alishalionya hili mwaka 1984: vipimo vingi ndani ya eneo moja havigeuki kuwa maeneo mengi. Hapa Bates ana haki, modeli ipunguzwe.

Tukakiingiza kitalu kama athari thabiti, yaani kila kitalu na kadirio lake. Tukaondoa pia kipengele kilichoruhusu athari ya msimu ibadilike kwa kila njia, kwa kuwa marudio yalikuwa machache. Njia yenyewe tuliiacha iwe nasibu, nami nilishikilia hapo, maana kuiondoa kungegeuza marudio ya njia moja kuwa njia mpya kila mara.

Modeli ikatulia. Pengo kati ya K-15 na K-30 lilibaki, lakini mipaka ya makadirio ilipanuka sana kuliko ile aliyoipata baada ya kuondoa athari nasibu zote. Alikaa kimya akiitazama skrini. Kisha akafungua rasimu yake, akafuta "misitu iliyokatwa mbao", akaandika "vitalu hivi vitatu".