Betri ya Saa Janja Ikichoka, Usikimbilie Dukani

Mtu akifungua mipangilio ya saa yake janja na kukuta afya ya betri imeshuka hadi asilimia 80, siku hiyo hiyo utamwona anaperuzi matoleo mapya. Namba hiyo imepewa heshima isiyostahili. Ni mpaka uliowekwa na viwanda. Apple, kwa mfano, husema betri za saa zake zimeundwa kubaki na hadi asilimia 80 ya uwezo wake wa awali baada ya mizunguko 1,000 kamili ya chaji, na mwenye mpango wao wa kulipia huduma, AppleCare+, hubadilishiwa betri ikishuka chini ya hapo. Basi, ni mstari wa mkataba. Hakuna kinachokatika ndani ya betri siku inapotoka 80 na kuingia 79.

Mimi naona la kuuliza ni jingine kabisa: je, saa bado inamaliza kazi uliyoinunulia? Na jibu lake linategemea sana saa yenyewe ilianza na akiba kiasi gani.

Chukua saa inayotangazwa kudumu saa 18 kwa chaji moja, kama Apple walivyotangaza kwa miaka mingi kuhusu saa zao za kawaida. Asilimia 80 ya muda huo ni saa 14 na dakika 24. Ukiivua kwenye chaja na kuivaa saa moja asubuhi, itakufia mkononi saa tatu na dakika 24 usiku, na hapo hujaweka mazoezi marefu wala simu uliyopokea kupitia mkono. Kupima usingizi ndiyo usahau. Sasa chukua saa ya michezo inayokaa siku kumi. Nayo ikipoteza kiasi kile kile, inabaki na siku nane. Mwenyewe hatajua. Atadhani safari hii alikimbia zaidi.

Kwa hiyo watu wawili wenye betri zilizochakaa sawasawa, mmoja ana shida ya kweli na mwingine hana. Ndiyo maana sipendi ushauri wa jumla jumla wa "ikifika asilimia fulani, badilisha".

Kuna na hili la mizunguko. Saa inayochajiwa kila siku, tena kutoka karibu na sifuri, inafikisha mizunguko 1,000 kabla ya miaka mitatu kutimia. Mzunguko mmoja ni chaji kamili, si kila unapoichomeka: ukichaji nusu leo na nusu kesho, umetumia mmoja. Ile ya mara moja kwa wiki haifikishi hata 60 kwa mwaka, na kinachoiangusha mwisho wa siku ni umri wenyewe, kwa sababu betri ya lithiamu huzeeka hata ikikaa kabatini. Kila inapochajiwa, utando mwembamba unaendelea kujijenga juu ya grafiti (kaboni iliyo upande hasi wa betri) na kumeza kidogo kidogo lithiamu iliyopaswa kusafiri huku na huko. Joto huharakisha jambo hilo, na joto pamoja na chaji iliyojaa ndiyo hali mbaya kuliko zote. Saa iliyoachwa imejaa pomoni kwenye dashibodi ya gari juani inazeeka haraka kuliko iliyovaliwa mwezi mzima bila kupumzika.

Uchakavu wenyewe hauji tu kwa umbo la muda kupungua. Upo mwingine unaoudhi zaidi. Yangu ilianza kuzima ghafla ikiwa bado inaonyesha chaji ya kutosha: natoka kutembea jioni, nawasha kipima njia, skrini inang'aa, sekunde chache baadaye giza. Nikiirudisha kwenye chaja inawaka na kuonyesha namba ile ile kana kwamba hakuna kilichotokea. Si uongo wa programu. Betri ikizeeka, ukinzani wa ndani huongezeka, yaani umeme hutoka kwa shida, na betri ya saa ni ndogo mno, nyingi zikiwa na mAh (kipimo cha akiba ya betri) mia chache tu wakati simu za siku hizi zinafika 5,000. GPS, skrini na kipima mapigo ya moyo vikidai umeme kwa pamoja, volteji inashuka chini ya kiwango ambacho saa inaweza kuvumilia, nayo inajizima kujilinda. Baridi huzidisha. Mtu wa namna hii hata afya ya betri isome 85, mimi ningemwambia betri yake imeshachoka.

Kabla ya kuilaumu betri, lakini, hakikisha mwizi ni yeye. Baada ya sasisho kubwa la programu, saa nyingi hunywa chaji kwa siku kadhaa zikipanga upya mambo yake, kisha zinatulia. Programu moja iliyokwama inaweza kula chaji kuliko skrini. Saa yenye laini yake, ikiwa mahali penye mtandao dhaifu, inahangaika kuutafuta mchana kutwa. Na skrini isiyozima kamwe, tuseme ukweli, ni anasa. Nilipoizima yangu sikuikumbuka. Mkono ukiinuka inawaka, inatosha. Ukishapunguza hayo na bado saa haifiki jioni, hapo tuzungumze kubadilisha.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Saa ya kawaida ya kwatzi, betri ikiisha, fundi anafungua mgongo, anaweka kidonge kipya, anabadilisha mpira wa kuzuia maji ikibidi, na unaondoka nayo. Saa janja nyingi, ambazo bei yake ni mara nyingi zaidi, zimefungwa kwa gundi. Niliwahi kumtazama fundi akifungua moja: aliipasha moto mpaka gundi ikalegea, akapenyeza wembe mwembamba ukingoni, akainua kioo taratibu kwa sababu chini yake kuna utepe wa nyaya mwembamba unaokatika ukiuvuta kwa pupa. Betri yenyewe nayo imegandishwa. Pumzi ilinibana mimi niliyekuwa nakodoa macho tu. Akamaliza vizuri, saa ikawaka, lakini aliirudisha akiwa amesema wazi kwamba bwawani isiingie tena.

Fundi mkweli ndivyo atakavyosema. Ile 5 ATM iliyoandikwa mgongoni, alama ya kuhimili maji, inahusu saa kama ilivyotoka kiwandani, na gundi yake na mipira yake. Ikishafunguliwa, anayeweza kukuhakikishia tena ni mwenye vifaa vya kuifunga upya na kuipima kwa shinikizo. Kwa muogeleaji, kubadilisha betri pasipo kipimo hicho ni kununua saa nyingine kwa mafungu. Kwa asiyeogelea, anayenawa mikono tu, ni hatari anayoweza kuibeba.

Kupeleka kwa mtengenezaji mwenyewe kuna raha yake, ila ujue baadhi yao hawabadilishi betri hata kidogo: wanakupa saa nyingine iliyokarabatiwa, yako wanabaki nayo. Hifadhi data zako kwanza. Kama saa ile ilikuwa zawadi ya mtu au ina maandishi yaliyochongwa mgongoni, uliza kabla ya kuiachia. Betri za bei ya kutupa nazo zina lake: betri huzeeka ikiwa imekaa ghalani, kwa hiyo "mpya" isiyojulikana ilitengenezwa lini inaweza kuwa mzee mwenzake na ile unayoitoa.

Sasa uamuzi. Kipimo changu kikubwa ni muda uliobaki wa masasisho. Apple Watch Series 4 ilitoka 2018 na ikaachwa na watchOS 11, toleo la programu ya saa za Apple, mwaka 2024, yaani miaka sita ya programu. Google waliahidi Pixel Watch ya kwanza, ya 2022, masasisho ya miaka mitatu. Tazama hesabu hizo mbili kando ya betri inayochoka mwaka wa tatu. Katika ile ya kwanza, betri inazeeka saa ikiwa katikati ya maisha yake. Betri mpya moja inakupa nusu ya pili nzima, na anayenunua saa mpya wakati huo anatupa kifaa kizima kwa kosa la sehemu ndogo kuliko sanduku la kiberiti. Katika ile ya pili, betri na programu vinaisha pamoja, na hapo kulipia betri sioni mantiki yake, labda kama unataka saa ya kukuonyesha wakati na hatua tu.

Jambo moja halina mjadala. Ukiona kioo kinainuka upande mmoja, au mgongo umeachia, betri imevimba. Usiichaji, usiikandamize irudi, usiivae ulale nayo. Hapo ni kuipeleka kwa wanaojua, hata kama bado inakaa na chaji siku nzima.

Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni ya betri inayotaka, kuanzia 18 Februari 2027, vifaa vinavyouzwa kwao viwe na betri ambayo mtumiaji anaweza kuitoa mwenyewe. Nilifurahi, kisha nikasoma vizuri: kuna nafuu kwa vifaa vilivyoundwa kutumika hasa kwenye maji, ambavyo vinaruhusiwa kufunguliwa na mafundi tu. Nina wasiwasi kuna watengenezaji wa saa watakaokimbilia mlango huo huo. Lakini hata fundi wa kujitegemea kuwezeshwa kufungua saa bila kuivunja ni hatua, na Google kwa Pixel Watch 4 ya 2025 wametumia skrubu ili betri na skrini vibadilike, kwa hiyo wasituambie tena kwamba haiwezekani.

Yangu bado ina masasisho ya kama miaka miwili. Nimeamua kulipia betri, kwa mtengenezaji, na ikirudi nitaendelea kuichaji ninapooga badala ya kuiacha kwenye chaja usiku kucha. Anayeniambia kwa kuongeza kidogo ningepata mpya, kidogo chake sikioni.