Sanduku la kikoba lina kufuli tatu, klabu ya mpira ina ngapi?

Mama yangu yuko kwenye kikoba pale Sakina, na lile sanduku lao la chuma lina kufuli tatu. Sanduku linalala kwa mtu mmoja, funguo ziko kwa wengine watatu, na mmoja asipotokea siku hiyo halifunguliwi hata uje unalia. Hela yenyewe iliyomo ni ya kununulia mbegu na kulipia ada za watoto. Sasa weka hiyo pembeni ya Bury, timu ya England iliyoanzishwa 1885 na kombe la FA imebeba mara mbili, ambayo Desemba 2018 iliuzwa kwa pauni moja, sio milioni moja jamani, pauni moja, na biashara ikapita kabla mnunuzi hajaionyesha ligi hela ya kuiendesha timu iko wapi. Msimu huohuo wachezaji wakaipandisha daraja huku mishahara inasuasua, na Agosti 2019 ikafukuzwa kwenye ligi kabisa. Kuna mama mmoja, aliwahi kuwa mkurugenzi wa klabu, alijifunga pingu kwenye bomba la maji pale uwanjani kupinga. Hakuwa na ufunguo wa kufuli yoyote, kilichobaki kwake ni bomba.

Hii mada imetupotezea jioni nzima kijiweni Mianzini, maana mwaka 2025 Uingereza walipitisha sheria ya kuunda msimamizi huru wa soka, chombo ambacho sio cha ligi wala cha FA, yaani chama chao cha soka, klabu 116 za madaraja matano ya juu zitahitaji leseni yake, na kabla mtu hajanunua timu kitataka kujua ni nani na hela kaitoa wapi. Chalii wangu mmoja anaendesha hiace akasema hiyo ni wivu tu wa watu wasio na hela. Hela yake, gari yake, akiamua kuiendesha mpaka iungue injini wewe inakuhusu nini? Na ukimsikiliza vizuri ana hoja, timu ni kampuni, maduka yanafungwa kila siku pale mjini na hatuendi kuandamana.

Ila duka likifa unavuka barabara unanunua sukari kwingine. Timu haiko hivo, hakuna mtu wa Portsmouth aliyevuka barabara akaenda kushangilia Southampton. Na Portsmouth ndo mfano ninaoupenda kwenye huu ubishi, maana kizazi chetu tuliwaona 2008 Kanu akifunga lile goli la fainali ya FA dhidi ya Cardiff, tukajua hawa wamefika. Hazikupita hata miaka miwili, Februari 2010 wakawa timu ya kwanza ya Ligi Kuu England kuwekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi, madeni yamevuka pauni milioni 100, wakakatwa pointi 9 na kushuka. Sasa sikiliza kilichonikera zaidi, taratibu za ligi kule zinataka madeni ya mpira yalipwe yote, yaani wachezaji na klabu nyingine wanapata chao kamili, ila mamlaka ya kodi na wafanyabiashara wa mtaani wakaishia kupangiwa peni 20 kwa kila pauni waliyokuwa wanadai. Kwenye orodha ya wadai kulikuwa na St John Ambulance, wale wa huduma ya kwanza wanaokaa pembeni ya uwanja na machela. Kwa hiyo dereva wangu akisema hela ni ya tajiri mwenyewe namuuliza, machela aliilipia nani?

Sasa nikiishia hapo nitakuwa nadanganya, maana sheria zenyewe zikishaandikwa zina tabia ya kuwakaba wasio na nguvu. Ligi Kuu England iliweka ukomo kwamba klabu isipate hasara inayozidi pauni milioni 105 kwa miaka mitatu. Msimu wa 2023/24 Everton wakakatwa pointi 10, rufaa ikazishusha hadi 6, alafu wakakatwa nyingine 2, na Nottingham Forest wakakatwa 4. Man City walisomewa mashtaka zaidi ya 100 ya kuvunja kanuni za fedha Februari 2023, wao wanakana yote, na kesi yao ilianza kusikilizwa Septemba 2024, yaani Everton ameshtakiwa, kahukumiwa, kakata rufaa, kahukumiwa tena, Man City alikuwa bado hata hajaitwa ukumbini. Chelsea nao waliuza hoteli mbili za pale uwanjani kwao kwa kampuni ndugu kwa pauni milioni 76.5, unatoa hela mfuko wa kushoto unaweka wa kulia, hesabu zinapendeza, na ligi ikakubali. Mwenye mwanasheria mzuri anapata nafasi ya kupumua, asiye naye anakatwa pointi.

Na kuna Leicester. Ubingwa wao wa 2016 kila mtu anausimulia kama hadithi ya sungura kumshinda tembo, ila 2018 walikubali kulipa pauni milioni 3.1 kumaliza kesi ya kuvunja kanuni za matumizi za msimu wa 2013/14, msimu ambao ndo walipanda. Kwa hiyo wangezibana kweli kanuni wakati ule, huenda ile hadithi tusingeipata. Ukisema timu itumie inachoingiza tu, umesema mkubwa abaki mkubwa, maana anayeingiza ni yeye, ana uwanja wa watu elfu sabini na jezi zake zinauzwa mpaka Soko la Kilombero, feki lakini zinauzwa. Hapa nakubaliana na dereva kabisa.

Hapo ndo nawaogopa wanaosema tuchukue tu kanuni za Ulaya tuzilete kama zilivyo. Bongo ukimwambia mtu atumie anachoingiza, timu ngapi zitamaliza mzunguko wa kwanza? Azam walisaini 2021 mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10 wa bilioni 225.6, hela nyingi na imeokoa wengi, ila kumbuka msimu wa 2018/19 ligi ilichezwa bila mdhamini mkuu. Angalia ni nani wamedumu miaka mingi, hata kama kuna waliowahi kushuka wakarudi, Prisons, JKT, KMC, Mtibwa, yaani jela, jeshi, manispaa na kiwanda. Hizo timu zina mtu nyuma ambaye mshahara wa mwezi hautegemei kama leo kaamka vizuri. Sisi Arusha tulikuwa na Oljoro JKT ikashuka 2014, Moshi walikuwa na Polisi Tanzania pale Ushirika ikashuka 2023, na zote zilikuwa za majeshi, timu ya wananchi wenyewe huku kwetu kufika pale juu ni kazi kubwa. Tajiri tunamhitaji. Simba wenyewe 2017 walimkubali tajiri Mo Dewji, ikawa asilimia 49 kwa bilioni 20, wanachama wakabaki na 51, na maneno juu ya ile hela yamechukua miaka, ila angalau ile 51 ni ufunguo mmoja uko kwa watu wengine. Ihefu hawakuwa nao, 2024 timu ya Mbarali ikaamka inaitwa Singida Black Stars.

Ndo maana mimi sitaki anayekuja mwisho wa msimu na kalamu nyekundu kukata pointi, pointi zinamuumiza shabiki na kijana aliyefunga magoli, mwenye maamuzi yupo nyumbani kwake anakula. Nataka anayekaa mlangoni mwanzo wa msimu. Tumia unavyotaka, nunua mshambuliaji hata wa bilioni, lakini mishahara na nauli za msimu zitangulie kwenye akaunti ambayo wewe peke yako huwezi kuifungua. Msimu ukiisha chukua faida yako kama ipo. Tajiri mwenye hela kweli hapo hapotezi kitu, anayetapika ni yule aliyekuja na mdomo.

Nasema hivi kwa sababu yamenikuta, japo kwa udogo wake. Nilikuwa mhasibu wa timu yetu ya mtaani, mhasibu maana yake nilikuwa na daftari. Tukapata mdhamini, akaleta jezi, akaleta kocha, akaahidi usafiri, tukawa tunaongea kama tumeshapanda. Mechi ya ugenini Karatu, tumekodi Costa kwa nusu ya hela, nyingine ilikuwa itumwe njiani, tumefika Makuyuni dereva akaegesha akazima gari, akasema hajaona meseji. Simu ya mdhamini inaita haipokelewi. Vijana wamevaa jezi zake mgongoni zina jina lake kubwa kuliko namba, wananunua mahindi ya kuchoma. Tulichanga mpaka kipa akatoa hela ya dawa ya mama yake, tukafika kipindi cha kwanza kimeshaliwa muda, wenzetu wamepewa pointi za mezani.

Mwezi uliopita kaja mwingine, mtu mzuri tu kwa kumwangalia, gari kali, anataka jezi ziwe na nembo yake. Safari hii tulikuwa tumejipanga, tukamwambia shikamoo mzee, karibu sana, ila hela ya magari ya mechi zote za ugenini itangulie, akaunti ina sahihi tatu, mmoja wao ni mama mwenye mgahawa pale tunapofanyia vikao. Akacheka, akasema tumekuwa kama benki, akamaliza chai yake, akasema atatupigia.