Hereni Zinaoga Maji ya Moto, Mimi Je?

Jamani, mwezi wa saba hapa Mbeya maji ya moto si jambo la mchezo. Mlima Loleza hauonekani kwa ukungu, mkaa umepanda bei, na baba mzima mwenye familia anaoga huku anaimba mapambio ili ajipe moyo. Sasa naingia jikoni, namkuta mama watoto kapasha maji, kayamimina kwenye bakuli. Nikajua leo nimekumbukwa. Nikafuata taulo.

"Baba Neema, hayo maji usiyaguse. Ni ya hereni."

Ya hereni! Kitu ambacho hakina hata meno ya kutetemeka!

Tena yasiwe ya kuchemka, yawe vuguvugu, na sabuni ya kuoshea vyombo tone moja tu, maana eti jiwe likishtuliwa na joto linaweza kupasuka. Tanzanite ndivyo ilivyo, haitaki kushtuliwa. Haya, tanzanite inachimbwa Mererani, na humu ndani haijawahi kukanyaga. Tulicho nacho ni kijiwe cha bluu cha soko la Mwanjelwa, ambacho muuzaji mwenyewe alisema "kinafanana fanana". Lakini kinaogeshwa kwa adabu ileile, na mswaki unaokiogesha ni wangu. Nikauliza kwa nini wangu. Nikajibiwa brashi inatakiwa iwe laini, na wangu ndio laini kuliko yote. Sasa mimi nipigie mswaki nini, gunzi?

Dawa ya meno angalau imenusurika. Jirani yetu alisikia inang'arisha, akaisugulia cheni yake iliyopakwa dhahabu. Dawa ya meno ina chembechembe za kukwangua, na dhahabu ya kupakwa ni utando tu. Kasugua weee, dhahabu yote ikaishia kwenye kitambaa, shaba ikachungulia. Tulikwenda kumpa pole. Nilikaa pale nimeshika tama kwa heshima ya cheni, na chai sikupewa.

Kinachoniuma zaidi, dhahabu yenyewe iko hapo Chunya! Miaka ya 1930 wazungu walijazana Lupa, hukohuko Chunya, kuifuata, na mpaka leo vijana wanashuka mashimoni. Sisi majirani tunavaa ya kupakwa. Na ile halisi wala haina makuu. Ya karati 24, yaani dhahabu tupu, haichakai kwa hewa wala kwa maji, ila ni laini mno, ndiyo maana sonara anaichanganya na madini mengine kama shaba na fedha. Ukisikia karati 18, ujue robo tatu ni dhahabu, robo ni mchanganyiko, na huo mchanganyiko ndio unaoleta weusi na usumbufu. Kwa nyumba yangu, robo tatu zimebaki Chunya, mimi nimeletewa robo.

Halafu kuna klorini. Klorini inashambulia madini ya pete, kwa hiyo mwenye pete asiguse dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Nani basi anafua mashuka? Mimi. Nikasema na mimi nina pete ya ndoa. Nikaambiwa, "Si unaivua?"

Jumamosi mama mkwe akaleta bangili yake ya fedha, nyeusi tii. Mama watoto akaniita nijifunze. Fedha inakuwa nyeusi kwa sababu ya salfa iliyomo hewani, na mayai na vitunguu huongeza. Akachukua foili yangu, niliyoinunua kwa ajili ya kuku, akaitandika kwenye bakuli. Bangili juu yake, iguse foili kabisa. Akanyunyiza bikaboneti ya keki, akamwaga maji, safari hii ya moto kwelikweli. (Roho iliniuma.) Povu likapanda, na kweli weusi ukaanza kuondoka, kwani ile salfa inaiachia fedha na kuhamia kwenye foili. Ila inapohama inatoa harufu. Harufu ya yai viza, tena siyo kidogo. Mama mkwe akageuka, akanitazama mimi. Watoto wakanitazama mimi. Nikasema jamani ni kemia hiyo! Mama mkwe akasema, "Pole, baba," akasogeza kiti chake mlangoni.

Shanga zake za lulu nilizitetea mwenyewe, maana binti yetu alishashika ndimu. Lulu haitaki ndimu wala siki, asidi inaila. Ni kitambaa chenye unyevu, basi. Nikapewa sifa, na hapo ndipo nilipojiponza, kwa sababu anayejua ndiye anayepewa kazi.

Jioni ile, watani wa jadi wako uwanjani, mimi nimekaa chini ya taa na cheni iliyojifunga mafundo. Unaweka tone la mafuta ya kula kwenye fundo, unachukua sindano mbili, unalitanua taratibu bila kuvuta. Redioni watu wanashangilia, sijui hata kafunga nani. Cheni ikafunguka, nikaipeleka kifua mbele.

"Asante, baba Neema. Ndiyo maana kila moja inatakiwa ikae kwenye kimfuko chake," akasema, huku ananikabidhi kopo la maziwa lililojaa cheni. "Hizi ni za akina mama wa jumuiya. Wanazitaka kesho kabla ya ibada."